Potezea: namna ya kutoka kwenye soo bila kurusha ngumi

Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia hakinyooki mpaka leo. Kilivunjika stendi, saa mbili usiku, kwenye paji la uso la kijana mmoja aliyenisukuma tukigombania mlango wa daladala. Wakati huo nilikuwa na mkanda wa kijani wa karate, mtindo wa Goju-ryu, mkanda ambao kwa uzoefu wangu ndo mbaya kuliko yote maana unajua kupiga ila hujajua kingine chochote. Nilimpiga vizuri tu, akakaa chini. Sasa paji la uso ni mfupa mgumu kuliko vidole, kwa hiyo tukaumia wote, alafu hospitali wakasema bila PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, hawanigusi, kwenda polisi kuchukua PF3 namkuta jamaa yuko pale pale kwenye benchi na yeye anaomba ya kwake, tukakaa bega kwa bega kama ndugu wanaosubiri maiti. Nililipa matibabu yangu, nikalipa na ya kwake ili yaishe, na wiki sita nilikula kwa mkono wa kushoto, kitu ambacho mama yangu alikitazama kila siku kwa uchungu kuliko hilo bandeji lenyewe.

Niliporudi dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, sensei, yaani mwalimu, hakunigombeza. Aliuliza swali moja: "Ulipomuona mara ya kwanza alikuwa umbali gani?" Nikakosa jibu, kwa sababu ukweli ni kwamba nilimuona akiwa ameshanikunja shati. Akaniambia nikae ukutani niangalie wenzangu wakifanya mazoezi, nisiangalie ngumi, niangalie miguu. Nilikaa pale karibu mwezi mzima. Haya ninayoandika ni mambo niliyoanza kuyaokota pale ukutani, na huhitaji kuwa na mkanda wowote kuyatumia, mdogo wangu wa kike hajawahi kuvaa gi, ile sare nyeupe ya karate, maishani mwake na ananishinda.

Tuanze na kitu ambacho watu wengi wa sinema hawakijui. Kata, yaani mfululizo wa mapigo na vizuizi unaofanya peke yako, ya kwanza kabisa tunayofundishwa kwetu ni Gekisai Dai Ichi, ilitungwa mwaka 1940 na Chojun Miyagi, mwanzilishi wa Goju-ryu kule Okinawa, na stepu yake ya kwanza ni kugeuka kushoto na kuzuia juu. Kugeuka! Yaani kabla hujafanya chochote umeshageuza kichwa kuangalia nani anakuja. Kwa wenzetu wa Shotokan, mtindo mwingine wa karate, nako Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliacha kanuni kwamba kwenye karate hakuna shambulio la kwanza. Watu wanaisoma hiyo kama nasaha ya kidini, mi naichukua kama ufundi tu, maana ukisubiri kuzuia ngumi ya kwanza lazima uwe umeiona inakuja, na ukiiona mapema vya kutosha mara nyingi unakuta huna haja hata ya kuizuia, unakuwa umeshahama.

Kuona mapema Wajapani wanakuita zanshin. Ukishamaliza tekniki mwili unatulia ila macho hayaondoki kwa mtu, ndo hiyo. Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, aliyekuwa mwanajeshi, alilirahisisha jambo hili kwa rangi nne na hizi rangi ndo nazitumia kufundisha vijana. Nyeupe ni ile hali ya mtu ameshuka kwenye daladala, earphone masikioni, anajibu meseji huku anatembea, ukimuuliza dakika mbili baadaye amepishana na nani hajui. Njano umetulia, unaongea, unacheka, lakini unajua nani yuko nyuma yako. Chungwa kuna kitu maalum kimekushtua, yule pale, mbona amesimama hivyo. Nyekundu mambo yameshaiva. Kosa langu la stendi ni kwamba nilitoka nyeupe nikaingia nyekundu moja kwa moja, na mtu akifanya hivyo anabaki na mambo mawili tu ya kuchagua, kuganda au kupiga.

Watu wanadhani njano ni kuishi kwa woga. Hapana bana. Dereva wa bodaboda mzuri yuko njano siku nzima na anapiga stori na abiria. Ni mazoea tu, na yanajengwa kwa vitu vidogo vidogo: toka kituoni mpaka kona ya kwanza usiguse simu. Ukiingia mgahawani kaa unapoona mlango. Usiku ukipita chini ya taa ya barabarani angalia chini, ukishaipita ile taa kivuli chako kinakutangulia, na kama kuna mtu nyuma yako kivuli chake nacho kitakuja kujitokeza pembeni ya chako, huhitaji hata kugeuka. Na kugeuka kwenyewe si dhambi. Vijana wengi wanaona aibu kugeuka waonekane waoga, wakati kibaka anatafuta yule yule asiyegeuka. Geuka, muangalie usoni sekunde moja, endelea na safari zako. Ameshajua umemuona na sura umeibeba.

Sasa unaangalia nini? Usiangalie mavazi, kuna vibaka wananukia kuliko bwana harusi. Angalia mikono kwanza. Mkono uliofichwa nyuma ya paja, mkono unaogusagusa kiunoni, mkono mmoja mfukoni na mwingine unakuita. Alafu angalia macho yanakoenda, mtu anayetaka kukufanyia kitu huwa anaangaza huku na huku kwanza kuona nani anamuona. Mtu mwenye hasira ananyamaza ghafla baada ya kupiga kelele, au maneno yanakatika yanabaki neno moja moja, "Sema. Sema. Sema sasa." Anajifuta uso bila jasho, anapeleka mguu mmoja nyuma. Ukiona mguu umerudi nyuma na bega limeshuka, ujue mazungumzo yameisha upande wake, hata kama mdomo bado unatabasamu.

Na kuna maswali ya mtego. "Braza saa ngapi?" kwenye kichochoro, saa tatu usiku, mtu ana simu mkononi anakuuliza saa. Lengo uinamishe macho. Mwenzake yuko wapi? Mara nyingi anayeuliza siye anayekaba. We jibu bila kusimama na bila kutoa simu, "Inakaribia saa tatu kaka", huku unahamia katikati ya barabara kwenye mwanga ili usiwe na mtu mgongoni. Hata ukikosea ukampa saa ya uongo hakuna atakayekushtaki.

Hapo tunaingia kwenye umbali, ambao kwangu ndo karate yote iko humo. Tunauita maai. Fanya hivi leo na ndugu yako sebuleni: asimame mbele yako anyooshe mkono mpaka vidole viguse kifua chako. Hapo akikupiga huwezi kuzuia, hata sensei wangu hazuii, mkono una kasi kuliko jicho. Rudi hatua moja kamili. Sasa ili akufikie lazima asogeze mguu, na mguu unaonekana. Hiyo hatua moja ndo tofauti, mkono mmoja na hatua moja, usikubali mtu usiyemjua mwenye hasira awe karibu zaidi ya hapo. Akisogea, we sogea, ila usirudi nyuma kwa mstari ulionyooka kama gari la mkaa, utakanyaga mtaro au utaegemezwa ukuta. Zunguka. Kata pembeni kama unampisha mtu kwenye foleni.

Akiwa na kisu hiyo hesabu isahau. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika alichokipima na wenzake, kwamba mtu mwenye kisu anafunika futi 21 kwa sekunde kama moja na nusu, muda ule ule ambao askari aliyefunzwa anautumia kuchomoa bastola na kufyatua. Futi 21 ni mita sita na kitu, karibu urefu wa Coaster. Yaani jamaa yuko mlango wa nyuma wa gari na we uko kwenye taa za mbele, na bado hauko salama. Kwa hiyo wale wanaoweka video mtandaoni wanapokonya kisu kwa mkono mmoja huku wanatabasamu, waache wale hela zao. Mtaani dawa ya kisu ni kuweka kitu katikati, bajaji, meza ya chipsi, gari lililopaki, kiti, unazunguka nacho huku unapiga kelele, na mlango ukifunguka unatimua mbio. Hakuna aibu kwenye mbio. Sensei wangu anatukimbiza raundi ishirini kila Jumamosi na tukilalamika anasema hiyo ndo tekniki ya kwanza.

Mikono yako nayo. Soo likianza watu wengi wanakunja ngumi au wananyoosha kidole usoni kwa mtu, na wale waliojifunza karate wanafanya kosa baya zaidi, wanakaa kamae, ule mkao wa kupigana. Ukikaa kamae mtaani umeshaharibu. Kwanza yule mtu hawezi tena kurudi nyuma, watu wameshaona. Pili wapambe wanapata raha, "eeh, huyu anajua karate huyu, mpeni nafasi!" na duara linafungwa hapo hapo. Tatu mashahidi wote kesho watasema we ndo ulijiandaa. Badala yake inua mikono yote miwili usawa wa kifua, viganja wazi vimemuelekea yeye, viwiko karibu na mbavu, kama mtu anasema "basi kaka, basi, yaishe". Simama kimshazari kidogo, mguu mmoja mbele, usimkabili kifua kwa kifua. Ukijitazama kwenye kioo utaona unaonekana mpole kama muumini, lakini mikono iko njiani tayari, kati ya ngumi yake na kidevu chako. Hiyo nayo ni kamae, ila haijavaa sare.

Kupumua. Ukitishwa mwili unamwaga adrenalini, mikono inatetemeka, sauti inapanda kama ya mtoto, masikio yanaziba na macho yanaona kama unachungulia kwenye bomba, kwa hiyo yule wa pembeni humuoni. Hii inampata kila mtu, mkanda mweusi pia, asikudanganye mtu. Kwetu tuna kata inaitwa Sanchin, kazi yake kubwa ni pumzi, unasimama unatembea hatua chache tu lakini ukimaliza umeloa. Kwa asiyeijua inatosha hivi: vuta kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita, mbili tatu tu. Alafu geuza kichwa makusudi kushoto na kulia, lile bomba linafunguka. Ndo uongee sasa, sio kabla.

Kwenye kuongea nitakaa kidogo maana hapa hatuhitaji kuazima kwa Wajapani, lugha yetu imejaa vifaa. Mwaka juzi nilikuwa kwenye daladala ya jioni, imejaa, mzee mmoja amelewa anamtaka konda chenji yake, konda anasema ameshampa, mzee akamkunja konda kola na mkono mwingine ameshika chupa ya soda kwa shingo. Gari zima "aaah, mzee vipi!" na kila anayesema "mzee tulia" ndo anamwagia petroli. Mi mwenye mkanda nilikuwa nyuma nahesabu umbali na viti vimenibana. Basi kuna mama alikuwa amekaa kiti cha karibu na mlango, ana ndoo ya dagaa mapajani, hakusimama, hakupaza sauti, akamwambia, "Shikamoo baba." Yule mzee akageuka. Unaona kabisa kichwani gia zinabadilika, mdomo ukajibu wenyewe, "Marahaba mwanangu." Mama akaendelea, "Za tangu asubuhi? Unashukia wapi baba?" "Kwa Azizi Ally." "Na mimi huko huko, njoo ukae hapa utaanguka." Akasogeza ndoo. Mzee akakaa, chupa ikashuka chini ya kiti, konda akajikung'uta kola. Mia mbili yenyewe akaitoa yule mama.

Nimelifikiria sana lile. Shikamoo haiwezi kuachwa hewani, mtu aliyelelewa na watu lazima aiitikie, na akishaitikia marahaba amekuwa mzazi wako, na mzazi anapigaje mtoto kwa chupa mbele za watu? Alafu maswali ya mama yalikuwa mepesi, yenye jibu la hakika. Unashukia wapi. Ukimuuliza mtu mwenye hasira "kwani tatizo lako nini?" unamrudisha kwenye hasira, ila ukimuuliza anashukia wapi lazima atoke kidogo kichwani aangalie dirishani.

Kwa mtu wa rika lako ni "kiongozi", "boss", "braza", "mkubwa", hata kama hana cheo zaidi ya kelele. "Samahani kiongozi, kosa langu." Maneno manne. Hata kama kosa si lako! Najua inauma. Mi hili ndo lilinichukua miaka mingi kuliko teke lolote, kukubali kosa ambalo sijafanya mbele ya watu kumi wanaoniangalia. Lakini hesabu ni rahisi, samahani ya uongo bei yake ni sekunde tatu za kujisikia vibaya, na yale mengine bei yake nimeshakuonesha kwenye kidole. Potezea. Wale wanaosema "unanijua mimi?" hutakiwi kuwajibu ndiyo wala hapana, we sema "nimekuheshimu braza, yaishe", endelea kuondoka.

Maneno ya kuyafuta kabisa mdomoni: "kwani we nani", "utanifanya nini", "thubutu", "kama mwanaume njoo". Haya yanafunga mlango. Mtu mwenye hasira mbele ya washkaji zake au demu wake anahitaji mlango wa kutokea ambao hautamwaibisha, na kazi yako ni kumpa. "Dah, kaka ungekuwa umeamua ungeshaniumiza, basi nashukuru, ngoja nisepe." Anabaki na ushindi wake, we unabaki na meno yako.

Utani nao unafanya kazi, ila uwe na jicho. Nimeona Mchaga na Mpare wameanza kuzinguana kweli kwenye foleni ya maji, mmoja akauliza "kwani wewe ni mtu wa wapi?" na kilichofuata ni matusi ya utani na vicheko, ndoo zikapangwa upya. Wahehe na Wangoni walipigana vita kweli enzi za mababu na leo wanazikana kwa utani, sembuse ugomvi wa kiti. Ila usitanie mtu aliyeshika silaha, wala mlevi ambaye hujui ameanza kunywa saa ngapi, na mambo ya Simba na Yanga siku ya derby yaache kabisa.

Kuhusu wapambe, hao ni nuksi kuliko mgomvi mwenyewe. Wapo wanaotaka kuona ngumi bure. Usiwajibu. Tafuta kwenye lile kundi yule mmoja ambaye sura yake imekereka, yupo siku zote, muite yeye: "Kaka nisaidie, mchukue mwenzako, mi naondoka." Umempa kazi, na mtu akipewa kazi mbele za watu huwa anaifanya.

Yote haya ni ya mtu mwenye hasira. Kibaka ni mtu mwingine, yeye hataki heshima, anataka simu. Na hapa watu wenye mikanda ndo wanaokufa, kwa kutaka kuonesha. Mpe. Sema unachofanya kabla hujakifanya, "simu iko mfuko wa kulia, naitoa", mkono utembee polepole, asije akadhani unatoa kitu kingine. Mi nikitoka usiku natenga noti mbili tatu mfuko wa mbele za kutoa haraka. Ukikabwa roba kwa nyuma ingiza kidevu chini kwenye kiwiko chake, shika ule mkono kwa mikono yako yote miwili uuvute chini upate hewa, alafu waache wachukue, kwa sababu kabali iliyokaa vizuri inamzimisha mtu kwa sekunde kama kumi, waulize watu wa judo. Wakija kundi na mapanga, wale wa panya road, hakuna kata ya kitu kama hicho, ingia nyumba yoyote yenye taa, ukaombe msamaha baadaye.

Wanaopora kwa bodaboda wanakuja kutoka nyuma upande wa barabara. Sisi magari yanapita kushoto, kwa hiyo tembea upande wa kulia ili yaje usoni kwako, na mkoba uwe bega la mbali na lami. Usiuzungushe shingoni. Wakiushika achia, kuna watu wameburutwa.

Kelele ni silaha nzuri ila chagua neno. Ukipiga "mwizi!" Bongo unajua kinachofuata, wananchi wenye hasira kali, matairi, na nusu saa baadaye mtu amekufa kwa sababu ya simu ya laki mbili, na pengine siye yeye. Mi hupiga "jamani nisaidieni!" au naita majina, "Juma! Hamisi! Njooni!" hata kama hakuna Juma wala Hamisi, kibaka hajui. Na siku ukiitiwa mwizi wewe, usikimbie hata chembe, ukikimbia umekubali. Mikono juu, viganja wazi, sogea kwa mtu mzima wa karibu, muuza duka, mama ntilie, mtu anayejulikana pale, simama naye mgongo ukutani na urudie sentensi moja tu, "nipelekeni kwa mjumbe, nipelekeni serikali ya mtaa, nipigieni polisi". Namba ni 112. Ukishaanza kujieleza maelezo marefu hakuna anayesikiliza.

Kwa dada zangu, mtu akikufuata usimpeleke kwako. Usiingie geti la nyumbani, ameshapajua. Nenda duka la Mangi, simama hapo, nunua hata kiberiti. Mdogo wangu yeye anageuka kabisa, mikono ile ile ya viganja wazi, na anaongea kwa sauti ya kuagiza nyama buchani: "Kaka mwenye fulana nyekundu, unanifuata kwa nini tangu kituoni?" Anamtaja fulana makusudi, mtaa mzima unageuka kuangalia fulana nyekundu. Hakuna aliyewahi kumjibu sentensi iliyokamilika.

Na ikishindikana? Inatokea. Kanuni ya Adhabu yetu inakuruhusu kujitetea, lakini nguvu iendane na hatari, ukiendelea kumpiga mtu aliyeshalala hapo umegeuka kuwa mshambuliaji na ile PF3 itaandikwa kwa jina lake. Piga ili upate mlango, sukuma kwa viganja (viganja havivunjiki kama vidole, niamini), ondoka. Usibaki kuhesabu ameumiaje.

Ukishatoka bado hujamaliza, zanshin tena. Mwili utatetemeka, miguu itakuwa kama ugali uliolala, wengine wanacheka, wengine wanataka kulia au kukojoa, kawaida kabisa. Kaa sehemu yenye watu, kunywa maji, pumua. Usirudi kuangalia kama yupo. Usiwapigie washkaji mrudi kumi na tano, hapo ndo soo la kusukumana linageuka msiba. Kama wamechukua simu funga laini haraka kabla hawajaingia kwenye pesa zako, karipoti. Na usipite njia ile ile wiki hiyo.

Mazoezi ya haya hayana dojo. Mi na mdogo wangu tuna mchezo, tukishuka kituoni kwetu tunatembea kimya mpaka duka la kwanza, alafu mmoja anamuuliza mwenzake: tumepishana na wangapi, nani alikuwa mkono mfukoni, bodaboda gani imepita mara mbili. Anayeshindwa ananunua soda. Juzi Alhamisi mi nilikuwa na uhakika kabisa, nikasema watu tisa, wa mfukoni hakuna, bodaboda hakuna iliyorudi. Akanivuta mkono tukavuka barabara upande wa taa bila kunijibu, tukasimama kwenye kibanda cha chipsi, na ile pikipiki isiyo na namba ikapita kwa mara ya tatu, taratibu, wawili juu yake, wakatuangalia, wakaenda zao. Nikanunua soda mbili na chipsi yai.